Shule imemtaka mwanangu aje kavaa kichawi tarehe 31 Oktoba. Wazazi wa Tabora mnalionaje?

Mama Kulwa, Ng'ambo

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana linanikera tangu Jumatatu.

Nina pacha, Kulwa na Doto, darasa la tatu, shule ya binafsi hapa hapa mjini, mchepuo wa Kiingereza. Wamekuja na barua: tarehe 31 Oktoba ni Halloween, kila mtoto aje na vazi la kutisha na shilingi 15,000 za pipi na mapambo ya maboga. Kwangu mimi hiyo ni 30,000. Darasani wameshagawiwa: huyu mifupa, huyu mzimu, Doto kapewa popo, Kulwa kapewa mchawi. Sura ya kuvaa wameitengeneza na mwalimu. Boksi limekatwa, matundu ya macho yamezungushiwa rangi nyekundu, nywele ni katani nyeupe iliyobandikwa kwa gundi. Kaileta nyumbani ikauke.

Wazungu washerehekee kwao wapendavyo, sina neno nao. Nauliza ya kwetu: mtoto wa Tabora akivishwa sura ya bibi kizee mwenye mvi na macho mekundu, akaambiwa huyo ndiye mchawi, anatoka na somo gani?

Dereva wa Sikonge

Elfu thelathini kumfundisha mtoto uchawi? Mama Kulwa, wapandishe treni hao watoto uwapeleke Kigoma. Kule Halloween ni Januari mpaka Desemba, na walimu wamebobea, radi wanairusha mchana kweupe.

Mwana Parokia

Tuache makabila ya watu, mada ni nzito. Jina lenyewe la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu. Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Marehemu Wote, na sisi Wakatoliki wa hapa tunakwenda makaburini, tunafyeka majani, tunawasha mishumaa, padre ananyunyizia maji ya baraka. Kwa hiyo sikukuu tunayo siku zote. Shule imechukua mkesha ikaacha sikukuu. Ni sawa na mtu kufunga Kwaresima akaacha Pasaka.

Na si kila nchi inatisha watoto. Mexico siku hizo mbili wanapamba meza nyumbani kwa maua ya njano, wanaweka picha ya marehemu, mkate wake, kinywaji alichokipenda, wanatengeneza mafuvu ya sukari. Wanamkaribisha nyumbani. UNESCO wameiingiza mila hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2008. Poland makaburi yanawaka mishumaa usiku kucha. Ufilipino familia nzima inahamia makaburini na vyakula.

Mgebuka wa Kibirizi

Dereva wa Sikonge, mada ya Mama Kulwa nimeisoma yote na ni ya maana, lakini hiyo yako siwezi kuipita.

Nimezaliwa Ujiji. Mwaka wa kwanza chuo, mwenzangu wa chumba aliposikia natoka Kigoma alihamisha kitanda usiku ule ule. Si masihara, alihamia kwa rafiki yake akalala chini. Mwaka mzima nikipika watu wanasema wameshiba. Nimeomba kazi, bosi ananiuliza huku anacheka, "hutatutupia radi?" Wewe unaandika mstari mmoja unaendelea na safari zako, mimi natembea nao miaka kumi na tano.

Kuhusu radi, wanaopima kwa setilaiti walitoa orodha mwaka 2016 ya mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Wa kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela. Kwa Afrika ni Kabare, mashariki mwa Kongo, upande wa pili wa milima na ziwa letu. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda, inakutana na milima, mawingu yanajengeka kila siku ya mvua. Ukiongeza shule zisizo na vizuia radi, watoto wanakufa. Halafu mtu anasema imetumwa.

Dereva wa Sikonge

Mkuu mbona unawaka? Utani tu.

Mgebuka wa Kibirizi

Utani una watani wake. Mimi na wewe tumetaniana wapi? Ulikuja kuzika kwetu?

Kaka wa Boston

Salaam kutoka ughaibuni. Nimekulia Isevya, nipo Massachusetts mwaka wa kumi na moja sasa. Naona watu wanaongelea kitu wasichokijua, acheni niwaeleze.

Jioni ya tarehe 31 giza linaingia mapema, miti imepukutisha, baridi imeanza. Watoto wanapita mlango kwa mlango. Nyumba yenye taa barazani inagongwa, iliyozima taa inapitwa. Wanasema maneno yao, maana yake nipe kitu kitamu au nitakufanyia utundu. Unawapa pipi, wanashukuru, wanaondoka. Majirani zangu nimewajua usiku ule. Siku nyingine zote 364 kila mtu na gari lake na mlango wake. Binti yangu mwaka juzi alivaa kama twiga.

Nilishawapeleka watoto Salem, karibu tu na hapa. Mwaka 1692 mji ule ulinyonga watu 19 kwa kesi za uchawi, na mzee mmoja wakamrundikia mawe mpaka akafa. Leo Oktoba nzima panajaa wageni wamevaa kofia nyeusi zenye ncha, na hata magari ya polisi yamechorwa mchawi kapanda ufagio. Wameshatoka huko, wanacheka. Na sisi tutoke, tuache ushamba.

Babu wa Usoke

Ushamba?

Mimi nina miaka 71. Nimelima tumbaku, nimesomesha watoto sita kwa huo ushamba, na mmoja yuko huko huko kwenu anaendesha lori. Sasa nisome, kijana wa Isevya.

Sisi tulitishwa na tulijua tunatishwa kwa nini. Usiku hukupiga mluzi, unaita nyoka. Na nyoka hukumtaja, ulisema kamba. Dukani usiku hukuuziwa sindano. Ukisikia jina lako linaitwa nje usiku, huitikii mara ya kwanza, unangoja. Hadithi husimuliwi mchana, ukisimulia mchana unaota pembe. Kila kimoja kina kazi yake. Mluzi unaamsha watu. Sindano ikidondoka gizani utaikanyaga. Anayeita usiku anaweza kuwa mwizi. Na hadithi mchana, nani atachunga mbuzi?

Zimwi la bibi yangu lilikaa kwenye hadithi. Moto ukizimika nalo limekwisha. Halikuwa na sura ya jirani.

Mtoto wa 2003

Shikamoo Babu. Naomba nikupinge kwa adabu.

Lilikaa kwenye hadithi kwako wewe. Mimi nimelelewa na bibi Cheyo hapo, niliambiwa habari za mumiani, za wanyonya damu wenye gari jeusi, za bundi akitua juu ya bati mtu anakufa. Mpaka darasa la sita nililala nimejifunika gubigubi na joto lote la Oktoba la Tabora. Nilikojoa kitandani kwa kuogopa kutoka nje, na asubuhi nikachapwa kwa kukojoa. Mlitutisha kweli, wala hapakuwa na mwisho wake.

Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Kwenye Halloween mtoto ndiye anayetisha. Anavaa yeye kinyago, anasema buu, mtu mzima anajifanya kaogopa, kisha kinyago kinavuliwa. Kwetu mtoto siku zote ndiye anayetishwa. Mngeniuliza mimi nikiwa na miaka minane, ningechagua kuwa zimwi hata kwa jioni moja.

Babu wa Usoke

Marahaba. Lakini hukuchapwa kwa sababu ya hadithi. Ulichapwa kwa sababu bibi yako alikuwa amechoka kufua. Usiyachanganye.

Mtoto wa 2003

Babu, bibi yangu unamjua?

Mmakonde wa Gongoni

Naona mmejiaminisha kwamba vinyago vya kutisha ni vya Wazungu. Njooni Newala na Masasi watoto wanapotoka jandoni. Mapiko inatoka, mchezaji kavaa kichwa cha mti chenye nywele halisi za binadamu, kajifunga nguo mwili mzima hata kidole hukioni, kengele zinalia. Wanawake na watoto wanakimbia. Ni mzimu huyo, kaja kuwapokea vijana. Na Wachewa wa Malawi wana Gule Wamkulu, ngoma yao ya vinyago, nayo UNESCO waliitangaza mwaka 2005.

Ila mapiko haitoki kwa barua ya ada. Kuna mavuno, kuna jando, kuna wazee wanaojua nani yuko ndani. Mwacha mila ni mtumwa, na mwenye kuazima ya mtu bila kuulizia matumizi yake ni mtumwa mara mbili.

Mkulima wa Urambo

Mimi nimekwama kwenye "mapambo ya maboga".

Boga la Oktoba nani analo? Sisi maboga tunaanza kuyachuma mvua ziko katikati, Februari na Machi. Oktoba hii jembe liko begani, miche ya tumbaku iko kitaluni inamwagiliwa asubuhi na jioni, tunaangalia mawingu. Chakula ni cha ghalani, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mboga ni nsansa, majani ya kunde makavu. Mwalimu anataka watoto wachonge boga wachome mshumaa ndani? Labda lile la Dodoma la kuuzwa kwa kipande.

Kwao Oktoba ni mwisho wa mavuno. Jua linazidi kupungua, miti inakufa majani, ndiyo maana wanawaza vifo. Kwetu ni kinyume kabisa. Tembea sasa hivi porini kuelekea Kaliua, miyombo imechipua kabla hata tone la mvua, majani machanga mekundu kama shaba, kisha yanageuka kijani. Nyuki wamejaa. Mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi wanaruka, watoto wanakimbizana nao na mabeseni usiku kwenye taa. Huo ndio usiku wa kwetu wa watoto. Tunaletewa huzuni ya majani makavu wakati msitu unavaa nguo mpya.

Kaka wa Boston

Mkulima, hilo la boga hata wao lina historia. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa wanachonga tanipu, mzizi mnene wa jamii ya kabichi. Njaa kubwa ilipowapiga Ireland kuanzia 1845, viazi vikaoza shambani, mamia ya maelfu wakahamia Marekani na mila yao. Huko wakakuta boga, kubwa, laini kuchonga, limejaa mashambani Oktoba. Walibadili kufuata shamba walilolikuta. Nasi tunaweza kubadili.

Mzazi Mwenza

Mimi nilisikia Halloween imeanzishwa na makampuni ya pipi ya Marekani.

Kaka wa Boston

Hapana ndugu. Makampuni yameineemesha, hayakuizaa. Kabla ya Ukristo Waselti walikuwa na Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, waliamini mpaka kati ya walio hai na wafu unakuwa mwembamba. Scotland watoto wanavaa vinyago mpaka leo, ila hawapewi pipi bure, lazima waimbe au waghani kitu. Wazee wa kule nao wanalalamika, wanasema vijana wao wameiga ya Marekani.

Mtoto wa 2003

Kumbe wazee wote ni wamoja.

Shangazi Moravian, Ipuli

Amani kwenu. Tarehe 31 Oktoba kwa sisi Waprotestanti ni Matengenezo ya Kanisa, Luther na hoja zake 95 mwaka 1517. Nashangaa shule yenye watoto wa Kimoravian na Kilutheri wengi kiasi hiki haina habari na hilo, ila ina habari na popo.

Na mnaposema tunakosa mila ya usiku na wafu, njooni Pasaka. Saa kumi na moja alfajiri, bado giza, tarumbeta zinapita mitaani kuamsha watu, tunakwenda makaburini na taa. Tunasimama katikati ya makaburi ya baba zetu tunaimba mpaka jua linachomoza. Ndugu zetu walianza hivyo Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Nimepelekwa nikiwa mgongoni mwa mama yangu, nimewapeleka wanangu. Hakuna mtoto aliyelia kwa kuogopa. Mtoto wangu wa pili akiwa na miaka minne alilala juu ya kaburi la babu yake, tukamwacha mpaka sala ikaisha.

Mwalimu wa Zamu

Nimenyamaza nikasoma. Mimi ni mwalimu, si lazima mjue wa shule gani. Naomba wazazi mtutendee haki. Barua za namna hii hatuandiki sisi walimu wa darasa. Mwenye shule ameona shule ya Dar na ya Arusha zinafanya, wazazi wengine wanapenda picha, wanataka "watoto wa kimataifa". Mwalimu anaambiwa Ijumaa, Jumatatu vinyago viwe tayari. Boksi ananunua yeye. Gundi yeye. Mshahara wa Agosti hajapata.

Na kile ni kinyago tu. Watoto wanajifunza kusimama mbele ya watu na kuongea. Kulwa huyo mnayemtetea, kama ndiye ninayemfikiria, mwaka jana hakuweza kutamka jina lake mbele ya darasa. Alipovaa ile sura aliongea dakika tatu bila kusita. Nilitaka kulia.

Mzazi Mwenza

Mwalimu umesema mshahara wa Agosti hujapata? Na hizi ada tunazolipa mwezi wa saba zinakwenda wapi?

Mama wa Watatu, Kiloleni

Hapo ndipo pa kuangalia! Mimi nina watatu pale, zidisheni wenyewe 15,000. Juzi tu tulitoa ya mahafali. Kabla yake ya ziara ya Kwihara kuangalia tembe la Livingstone, watoto wakaishia getini.

Dereva wa Sikonge

Kwihara mtoto anatembea kwa mguu, ziara ya nini.

Mama Kulwa, Ng'ambo

Nilikuwa sitaki kuyasema haya. Lakini Kaka wa Boston ameandika ushamba, na mwalimu ameandika "kinyago tu". Basi nisomeni.

Mama yangu mzazi anaishi nami tangu 2014. Kijiji alichotoka sikitaji. Miaka hamsini alipika kwa kuni, na kuni zikiadimika kwa mavi ya ng'ombe, kwenye mafiga, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Macho yake ni mekundu kama mtu aliyelia usiku kucha. Daktari wa macho alisema ni moshi, na vikope vya tangu utoto. Mwaka ule ng'ombe watatu wa jirani walikufa ndani ya mwezi mmoja. Mganga akapiga ramli: kichwa cheupe, macho mekundu, mlango unaotazama machweo.

Kaka yangu alimtoa usiku kwa baiskeli. Alimfunga kwa kitenge mgongoni mwake kama mtoto, asidondoke, wakaenda mpaka barabara ya lami. Bibi wa nyumba ya nyuma, rika lake, aliyekuwa anateka naye maji, hakuwa na mtoto mwenye baiskeli.

Jumatatu Kulwa aliianika ile sura uani. Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua mchicha. Akaiangalia muda mrefu, mkono umeshika shina. Akauliza, "Huyu ni nani?" Kulwa kwa furaha yake: "Mchawi, Bibi!" Mama hakusema neno, aliendelea kuchambua. Tangu siku hiyo anajitanda khanga mpaka kwenye nyusi, na geti likigongwa anaingia chumbani.

Mwalimu, kama ni wewe, nakushukuru kwa kumfundisha mwanangu kusema. Natoa machozi kwa hilo, ni kweli alikuwa haongei. Lakini sura uliyoikata wewe na watoto ni sura ya mama yangu.

Kaka wa Boston, Salem wamecheka baada ya miaka zaidi ya 300. Wa kwetu bado wana watoto wadogo.

Shangazi Moravian, Ipuli

Mungu wangu. Pole mwanangu. Mpe Mama pole yangu, mwambie nitakuja Jumapili baada ya ibada.

Dereva wa Sikonge

Pole sana dada yangu, hili sikulijua. Ila huyo mganga wa ramli alikuwa ni mtu wa wapi? Maana wengi wa hawa wanaozunguka vijijini huwa wanatokea...

Mgebuka wa Kibirizi

Malizia. Wanatokea wapi? Umeweka nukta tatu za nini?

Mama wa watu kasimulia namna mzazi wake alivyotaka kuuawa kwa maneno ya mtu mmoja, na wewe hapo hapo unatafuta mkoa wa kuubebesha. Hicho ndicho alichofanya mganga! Yeye alisema macho mekundu, wewe unasema Kigoma.

Dereva wa Sikonge

Sijataja Kigoma.

Mgebuka wa Kibirizi

Ulitaja post ya kwanza kabisa. Iko juu pale, haijafutwa.

Mmakonde wa Gongoni

Serikali si ilishapiga marufuku wapiga ramli? Mwanzoni mwa 2015, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Na uchawi wenyewe una sheria.

Mwana Parokia

Sheria ya Uchawi, ya Mwingereza, 1928. Bado ipo vitabuni. Na ukiisoma utashangaa, inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru anayeshukiwa akakae mahali pengine. Yaani bibi anashukiwa, bibi ndiye anahamishwa.

Babu wa Usoke

Katika kata yetu miaka ya themanini sungusungu walipoanza walikamata wezi wa ng'ombe, watu wakashangilia. Mwaka wa pili wakaanza na wazee. Niliona kwa macho yangu bibi mmoja kakalishwa juani kutwa, wajukuu zake mwenyewe wamesimama kwenye mstari. Hapakuwa na Halloween wala kinyago. Kwa hiyo mama Kulwa, nakuunga mkono, lakini shule ikifuta sherehe usidhani kwamba umemaliza. Watoto wale wale watakwenda likizo kijijini Desemba.

Na wewe mtoto wa 2003, nimefikiri. Ulivyosema mtoto ndiye siku zote anayetishwa, umesema kweli. Bibi yako simjui. Nimekosea.

Mtoto wa 2003

Asante Babu. Alifariki 2019. Alikuwa amechoka kufua kweli.

Kaka wa Boston

Mama Kulwa, neno ushamba nalifuta mbele ya wote. Nilikuwa naongea na wazazi niliokuwa nawawaza mimi. Bado naamini watoto wanahitaji siku ya kuvaa na kucheza usiku na majirani. Avae twiga, avae radi, avae treni ya Kigoma. Lakini si mchawi, na hasa si bibi.

Mgebuka wa Kibirizi

Radi tena? Jamani.

Kaka wa Boston

Samahani ndugu yangu, sikuwa na maana hiyo.

Mwalimu wa Zamu

Ni mimi, Mama Kulwa. Sikulala jana. Nimekwenda ofisini leo asubuhi nikaeleza, sikutaja jina lako. Barua ya pili inatoka kesho: hakuna wachawi, hakuna mizimu. Watoto watavaa mnyama au ndege na kila mmoja atasimulia hadithi aliyopewa nyumbani, Kiswahili au Kiingereza. Tarehe ni ile ile. Kiasi ni kile kile.

Mzazi Mwenza

Kiasi ni kile kile? Pipi na maboga si vimefutwa? Elfu kumi na tano za hadithi ya sungura?

Mama wa Watatu, Kiloleni

Mimi nilishalipa 45,000. Narudishiwa au inahamishiwa kwenye ada ya Januari? Mwalimu naomba jibu, risiti ninayo.

Mkulima wa Urambo

Waambieni ofisi wanunue mabeseni. Mvua ikiwahi, tarehe 31 kumbikumbi watakuwepo.

Dereva wa Sikonge

Mgebuka wa Kibirizi, nimerudi juu nikasoma post yangu ya kwanza. Nimeifuta. Nina abiria wa Kigoma kila wiki na hawajawahi kunidhulumu hata mia. Kama kuna siku nimekukuta stendi nikasema hivyo, nisamehe.

Mgebuka wa Kibirizi

Nimekusikia. Nitakusamehe, ila si leo.

Shangazi Moravian, Ipuli

Mama Kulwa, Mama anaendeleaje? Na wewe umeshalipa hiyo pesa?

Mama Kulwa, Ng'ambo

Sijalipa, Shangazi. Nangoja barua ya pili niione kwa macho.

Mama leo ametoka uani. Ile sura niliichana usiku wakati watoto wamelala, asubuhi Kulwa akalia kidogo, nikamweleza kadiri ya umri wake. Sijui kaelewa nini. Katani alikuwa amebakiza mkononi, akampelekea Bibi. Sasa hivi ninavyoandika wamekaa mkekani wanasokota kamba ya kufungia kuku, Kulwa kashika ncha moja. Doto anauliza kama bado anaruhusiwa kuwa popo.

Mama wa Watatu, Kiloleni

Popo ni mnyama, aruhusiwe. Tuliokwisha kulipa tukutane Jumamosi saa nne getini, kila mtu na risiti yake.